Yaliyoongezwa Baada ya Jumatano: Risala ya Vijana wa Kipaimara kwa Baba Askofu

Mgeni rasmi, Mhashamu Baba Askofu Eleuterio. Paroko wetu mpendwa, Padre Anselmo. Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, mzee wetu Manong Severo Gallego. Walimu wetu wawili, Mwalimu Teodulo na Mwalimu Norberta Abrenica. Wazazi, wasimamizi, wanakwaya, na ninyi mliosimama juani kwa sababu viti vya plastiki vimekwisha: Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi ni vijana wa darasa la Kipaimara la Parokia ya San Roque, hapa Tinagong Suba. Tuna umri wa miaka kumi na sita na kumi na saba. Anayesoma kwa niaba yetu ni Hilda Mae Sumagaysay, katibu wa darasa. Hakuchaguliwa kwa uzuri wa sauti. Alichaguliwa kwa sababu akianza kusoma kitu huwa hakatizwi kirahisi.

Kabla hatujaendelea tunaomba tueleze jambo moja la utaratibu. Risala hii ilipelekwa kwa Manong Severo siku ya Jumatano ili aipitishe, naye aliipitisha. Yote aliyoyapitisha yamo. Yaliyoongezwa baada ya Jumatano yamo pia.

UKARIBISHO

Baba Askofu, karibu sana. Tunajua kwamba daraja letu halijarudishwa tangu lile tufani, na kwamba umeuvuka mto kwa miguu huku viatu umevishika mkononi. Tulikuwa kwenye vichaka vya ng'ambo tukifanya mazoezi ya kukupokea, hivyo tuliona. Tulielekezwa tujifanye hatukuona. Tumefarijika tu kujua kwamba Baba Askofu naye huteleza.

Baada ya Misa kuna chakula. Mama zetu hawajalala tangu juzi. Nguruwe mzima anaokwa nyuma ya nyumba ya mapadre, na wamewekwa wanaume wawili wa kulinda ngozi yake isimegwe kabla ya wewe kufika mezani. Mlinzi wa tatu amewekwa kuwalinda hao wawili.

Tunakukaribisha pia kwa sababu umekuja na jambo kubwa. Tumeambiwa kwamba leo, pamoja na kutupaka mafuta ya Krisma, utaikabidhi parokia yetu ngao ya Parokia ya Mfano kwa malezi ya vijana, na kwamba mafunzo yetu sasa yatapelekwa jimbo zima. Ukuta wa kutundikia ngao hiyo umeshapakwa rangi. Msumari umeshapigiliwa.

HISTORIA YA MAFUNZO

Zamani katika parokia yetu wasichana walifundishwa namna ya kukaa, na wavulana walifundishwa mpira wa kikapu. Mambo ya upendo kila mtu alijifunza kwa kuchungulia. Miaka mitatu iliyopita Padre Anselmo aliona haifai, akawaomba Mwalimu Teodulo na mkewe Mwalimu Norberta waanzishe mafunzo ya kila Jumamosi yaitwayo Upendo, Mwili na Imani. Aliwachagua wao kwa sababu wana miaka thelathini na moja ya ndoa na watoto sita. Mwalimu Norberta alifundisha shule ya msingi mpaka alipostaafu. Mwalimu Teodulo hupiga gitaa kwenye Misa na hufuga majogoo wa kupigana, kazi mbili ambazo mkewe huzitaja kwa sauti tofauti.

Tulikutana kwenye chumba kilicho juu ya ghala la mpunga la ushirika. Siku ya kwanza hakuna aliyemtazama mwenzake. Tulitazama sakafu, na sakafu ile tunaijua mpaka leo. Mwalimu Norberta akasimama mbele na kusema:

“Leo tutataja viungo vyote vya mwili kwa majina yake. Mungu aliviumba bila kuona haya, na sisi tutavitaja bila kucheka. Atakayecheka atafagia.”

Siku hiyo chumba kilifagiwa na darasa zima, pamoja na Mwalimu Teodulo.

Tulifundishwa mengi. Tulifundishwa kwamba mwili si adui wa roho, kwamba vyote viwili vilitoka kwenye mkono mmoja. Tulifundishwa kwamba anayekupenda anaweza kusubiri, na asiyeweza kusubiri ana njaa tu, na njaa ina dawa nyingine. Tulifundishwa kusema hapana, na tulifanya mazoezi kwa sauti mpaka watu wa ghala wakapanda ngazi kuuliza kuna nini. Na tulifundishwa, neno kwa neno, jambo hili la Mwalimu Norberta: “Ukianguka, usilikimbie kanisa. Likimbilie. Hapa si mahali pa kuleta usafi wako watu wauone. Hapa ni mahali pa kuoga.”

Tunaomba tukiri kwamba masomo mengine hayakuwa kwenye ratiba. Somo la msamaha, kwa mfano. Mwalimu Teodulo alisema mtu mwenye kupenda kweli husamehe na kusahau.

“Nguruwe,” akasema Mwalimu Norberta.

“Mama, tuko darasani.”

“Najua tulipo. Nataka kujua nguruwe wangu alipo.”

“Hiyo ni habari ya mwaka juzi!”

“Na jogoo uliyemnunua kwa hela ya nguruwe wangu alikufa raundi ya kwanza. Waambie watoto. Waambie aliruka mara ngapi.”

Mwalimu Teodulo akatuambia kwamba hakuruka. Baada ya hapo Mwalimu Norberta akatueleza, akiwa bado ana hasira na bado anafundisha, kwamba yeye alimsamehe mumewe siku ile ile. Kusahau ni kazi ya kichwa, akasema, na kichwa hakina adabu. Kusamehe ni kazi ya mikono. Usiku ule alimpikia na wakala pamoja, ila mboga hazikuwa na nyama. Sisi tulikuwa hatujawahi kusikia ndoa ikielezwa hivyo, na baadhi yetu ndipo tulipoanza kuitamani.

MAFANIKIO

Tumepata mafanikio kadhaa. La kwanza ni mahudhurio. Hata wakati wa mafuriko tulikuja, wengine kwa mtumbwi wa kubebea mpunga.

La pili ni nidhamu katika Misa za alfajiri za kuelekea Noeli. Baba Askofu unajua kwamba katika nchi yetu vijana wengi huamka saa tisa usiku kwa Misa hizo kwa sababu ambazo si zote za kiroho. Halmashauri iliagiza kwamba kwenye kila benchi, kati ya mvulana na msichana, kiwekwe kitabu cha nyimbo. Agizo lilitekelezwa kikamilifu. Ila vitabu vya parokia ni vichache, na vilipokaa vyote kwenye mabenchi, kwaya ilibaki bila kitabu hata kimoja. Kwa siku tisa tuliimba kwa kukisia. Walioketi karibu na vitabu hawakuvifungua, maana kitabu kikinyanyuliwa mpaka unakuwa umefutwa.

La tatu ni somo la usafi wa moyo, lililotolewa na Manong Severo mwenyewe kama mgeni mwalikwa. Alileta bibingka, ile keki ya mchele ya mkewe, Nang Milagring, ikiwa bado ya moto, ina jibini na yai la chumvi juu. Akaizungusha darasa zima, kila mmoja aibonyeze kwa kidole. Ikarudi mezani ikiwa imebonyea pande zote. Manong Severo akauliza kwa uzito, “Haya, imeshaguswa na kila mtu. Nani sasa anaitaka?”

Tulinyoosha mikono sote. Mwenzetu Boknoy hakunyoosha, kwa sababu alikuwa ameshaanza kula.

“We mtoto! Imeguswa na watu wote hao!”

“Lakini, Nong, si ni bibingka?”

“Nakuuliza, huoni imeharibika?”

“Imebonyea tu, Nong. Ladha iko pale pale. Onja.”

Manong Severo ni mtu mwaminifu. Alionja. Mwalimu Norberta akamwambia, “Severo, mwakani lete jiwe.” Tunaweza kusema kwamba somo halikufika lilikokusudiwa, lakini lilikwisha lote.

Fanikio la nne ndilo lililokuleta, Baba Askofu, na tunalisoma kama lilivyoandikwa na Halmashauri: “Tangu mafunzo yaanze, hakuna hata msichana mmoja wa darasa hili aliyepata mimba.”

Hii ni kweli. Mwenzetu Rhealyn Catalbas, mwenye umri wa miaka kumi na saba, alipojulikana kuwa na mimba aliondolewa darasani mara moja. Kwa hiyo si msichana wa darasa hili.

Tunaona Manong Severo anataka kusimama. Tulikadiria kwamba angetaka kusimama hapa. Tunamwomba kwa heshima zote aketi, kwani aya inayofuata inamsifu.

Lile tufani lilipoondoa paa la kanisa, liliondoa pia paa la nyumba ya Manong Severo. Alipanda juu ya kanisa kwanza. Mzee wa miaka sitini na tatu, misumari mdomoni, mvua ikinyesha, na Nang Milagring chini akimwita kwa majina ambayo hatutayasoma mbele ya Baba Askofu. Familia yake ililala chini ya turubai mpaka kanisa lilipopata paa. Tena, Manong Severo ni baba wa ubatizo wa karibu nusu ya darasa hili. Kila Noeli, watoto wa ubatizo wanapokwenda kudai zawadi, yeye hujificha kama wanavyojificha baba wa ubatizo wote, lakini hujificha mahali panapojulikana. Hatujawahi kurudi mikono mitupu. Tunampenda, na tunaomba hilo likumbukwe katika kurasa zilizobaki.

CHANGAMOTO

Hapa siku ya Jumatano tulikuwa tumeandika neno “hasira”. Tulishauriwa tuandike “changamoto”. Tuna changamoto kubwa sana, Baba Askofu. Wengine wetu wamelia kwa changamoto hiyo.

Rhealyn alikuwa wa kwanza wetu kuijua Nasadiki yote, na ndiye aliyewafundisha wengine. Alimwambia Mwalimu Norberta habari zake mwenyewe, kwa hiari yake, kabla tumbo halijaonekana. Alikwenda nyumbani kwa mwalimu jioni, akasimama mlangoni, akasema lote kwa pumzi moja. Tumemwomba Rhealyn ruhusa ya kusoma sehemu hii, akasema tusome, mradi tusiongeze chumvi.

Swali la kwanza la Mwalimu Norberta halikuwa “nani”, wala “lini”. Alimwuliza, “Umekula?”

Rhealyn akasema hapana. Akapakuliwa wali na samaki mkavu. Akala huku analia, na Mwalimu Teodulo, ambaye hakujua aende wapi, akaenda kuwalisha majogoo kwa mara ya pili. Alipomaliza kula mwalimu akamwuliza, “Unaogopa nini zaidi?”

“Tatay,” akasema, yaani baba yake.

“Basi kesho nitakuja na wewe. Leo usimwambie mtu mwingine. Lala.”

Walikwenda. Baba yake, Nong Isko, alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akashona nyavu zake mpaka giza likaingia. Kisha akarudi ndani akamwambia mama yake Rhealyn amtengenezee mtoto mahali pa kulala mbali na dirisha linalovuja. Hapo ndipo nyumbani kwao jambo likawa limepokelewa.

Habari zilipofika kwa Halmashauri, ilikutana Jumapili. Mimi Hilda Mae nilikuwepo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimimina kahawa. Ilisemwa kwamba Baba Askofu anakuja, kwamba ngao imeshachongwa, kwamba mfano ni mfano. Padre Anselmo alisema mambo ya majina ni ya Halmashauri. Paroko wetu ni mtu wa amani, na amani hiyo imemfikisha umri wa miaka sabini na tisa. Mwalimu Norberta akamgeukia Manong Severo.

“Severo, huyu ni mtoto wako wa ubatizo.”

“Ndiyo maana!” Manong Severo alisema, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti. “Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, Nang Norberta, ningesema tumwache. Lakini huyu nilimshika mimi kwenye maji ya ubatizo. Nikimpendelea, watu watasema nini?”

“Watasema ulimshika.”

Mimi nilimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Halafu kura zikapigwa, na Rhealyn akaondolewa. Manong Severo alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono, na aliunyoosha nusu, lakini nusu nayo ilihesabiwa.

Mgeni rasmi, kila mimba ina watu wawili. Hili tulifundishwa vizuri, tena kwa mchoro. Wa pili ni Jerwin Palmares, mwenye umri wa miaka kumi na saba. Yeye bado ni mwanafunzi wa darasa hili. Ndiye huyo mrefu aliyesimama nyuma yako ameshika mitra yako, kofia yako ya kiaskofu. Tafadhali usigeuke sasa hivi, ana aibu.

Jerwin hakukimbia wala hakukana. Alikwenda kwa Padre Anselmo akasema, “Padre, kama Rhealyn ametolewa, na mimi nitoe.” Akajibiwa kwamba yeye ameshaungama, na aliyeungama amesamehewa. Ni kweli. Sote tuliungama Ijumaa iliyotangulia kikao kile. Tulikaa kwenye foleni moja, na Rhealyn alikuwa mbele ya Jerwin kwa watu watatu. Padre alikuwa yule yule, na kiti kile kile. Alichosema kila mmoja hatukijui na hatutaki kukijua. Tunachojua ni kwamba wote wawili walitoka wakapiga magoti kwenye benchi moja, na wote wawili waliinuka. Tumejaribu kuitafuta tofauti kati yao kwa kutumia yote tuliyofundishwa, na tofauti tuliyoipata ni moja tu: Jerwin shati linamkaa vizuri.

Tangu siku hiyo Jerwin, kwa desturi ya wazee wetu ya kijana kuitumikia nyumba ya msichana, huenda kila alfajiri nyumbani kwa Nong Isko kuchota maji na kupasua kuni. Hakuna aliyemtuma. Nong Isko alikaa siku nyingi bila kumjibu salamu. Wiki iliyopita walizungumza. Tuliyapata mazungumzo hayo kwa jirani, kwa hiyo ni kamili.

“Kuni sikukuagiza.”

“Ndiyo, Tay.”

“Na hizi ni mbichi. Zitatujaza moshi.”

“Ndiyo, Tay.”

“Zianike kule, upande wa jua. Halafu uje unywe kahawa, usije ukaniangukia hapa nikaambiwa nimekuua.”

Mtaa mzima umeyapokea kama maendeleo makubwa. Kuhusu ndoa, wazazi wa pande zote wamesema watoto wamalize shule kwanza, na Mwalimu Norberta amesema atakayewaharakisha atamkuta yeye mlangoni.

Rhealyn mwenyewe tulimwuliza anataka nini. Tulikwenda kwao kundi zima tukiwa na uso wa msiba, akatucheka. Alikuwa anachambua mchele.

“Mbona mmevaa nyuso za Ijumaa Kuu? Sijafa, bwana. Nina mimba.”

“Tunataka kukusaidia,” Boknoy akasema.

“Basi ondoa mguu kwenye mchele.” Kisha akaacha kuchambua. “Mimi sitaki mtu aseme nilifanya vizuri. Sikusema hivyo kwa Padre, siwezi kusema hivyo kwenu. Nataka kupakwa mafuta tu kama nyie. Mwalimu alisema Roho Mtakatifu anakuja kutia nguvu, si ndiyo? Sasa nyie mna mtihani wa hisabati. Mimi nina mtoto anakuja msimu wa mvua. Nani kati yetu anamhitaji zaidi?”

Ndipo Boknoy akaondoa mguu kwenye mchele. Katika darasa hili huwa tunajibu kila kitu, hata tusichokijua.

Baba Askofu, tunaogopa. Mafunzo haya sasa yanakwenda jimbo zima. Yakienda na fanikio lile la nne kama lilivyoandikwa, basi kila parokia itajua njia ya kupata ngao. Na sisi wasichana wa darasa hili tumeshajifunza somo ambalo walimu wetu hawakulifundisha: kwamba likikupata, kaa kimya, jifunge kitambaa tumboni, usimwambie mtu. Kuna kijiji hapo juu ambako msichana alikaa kimya hivyo, na sote hapa tulikwenda kumzika. Hatutaki kulijua somo hilo. Tunaomba tufutiwe.

MAOMBI

Ombi la kwanza: feni mbili za chumba cha mafunzo. Ghala likifunguliwa, vumbi la mpunga hupanda, na somo la upendo huendeshwa kwa kupiga chafya.

Ombi la pili: vitabu vya nyimbo, vya kutosha kuimbia na kutenganishia.

Ombi la tatu: utusemee kwa wakubwa kuhusu daraja. Wewe sasa ni shahidi.

Ombi la nne halina gharama. Tunaomba Rhealyn Catalbas apewe Kipaimara leo, pamoja nasi, na wewe. Hatukuombi ulibadilishe fundisho la Kanisa. Fundisho tunalijua na tunalikubali, na yeye pia. Tunaomba lifuatwe mpaka mwisho wake, pale linapofika kwenye mlango na kusema ingia. Kama haiwezekani leo, tunaomba utuambie wewe mwenyewe sababu, hapa hapa, kwa kinywa chako, ili tuiandike kwenye mafunzo yanayokwenda jimbo zima. Ngao tutaelewa ukirudi nayo. Msumari ule tutatundikia kalenda.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, hatuna mengi zaidi. Baada ya risala hii, kwa desturi ya parokia yetu, sote tutashuka mpaka langoni, na maandamano ya kuingia kanisani yataanzia hapo. Rhealyn yuko langoni tangu asubuhi. Manong Severo ndiye aliyemweka hapo, agawe mishumaa, kwa sababu hakuweza kumpa nafasi na hakuweza pia kumwambia abaki nyumbani. Amevaa gauni jeupe. Bibi yake amelitanua kwa kitambaa cha pazia, na ukiwa mbali huoni.

Kwa hiyo, Baba Askofu, mtu asiseme tunaomba aingizwe kwenye maandamano. Maandamano ndiyo yatakayomkuta yeye. Tunaomba tu asitolewe.

Limebaki suala la msimamizi. Hapa kwetu mshumaa wa mwanakipaimara huwashwa na msimamizi wake, na msimamizi ni yule aliyemshika kwenye ubatizo, kama bado yu hai. Rhealyn amebakiza mshumaa mmoja ambao hatampa mtu. Hana kiberiti. Asubuhi Boknoy alimwomba Manong Severo amtunzie kiberiti kidogo, akidai suruali yake imetoboka mfuko. Manong Severo akakipokea bila kuuliza, kama anavyopokea kila kitu chetu. Sasa hivi kiko kwenye mfuko wa shati lake, upande wa kushoto.

Manong, hatukukudanganya. Suruali ya Boknoy imetoboka kweli.

Mungu akujalie afya, Baba Askofu, akuvushe mto salama. Aubariki mkono wako utakaotupaka mafuta, awabariki walimu wetu na nguruwe wao ajaye, na aubariki mkono wa kila mzee atakayewasha mshumaa leo.

Ni sisi watoto wenu,
Darasa la Kipaimara, Parokia ya San Roque, Tinagong Suba:
tulio mbele yako, na aliye langoni.